Kifungo cha Hakimu na Kifungo cha Watu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na ndugu yetu mwenye duka, aliyekaa miaka mingi bara, sehemu za Chita katika bonde la Kilombero. Tumeipiga chapa kama alivyoisoma.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya haki za mtu aliyetolewa gerezani kabla ya kumaliza kifungo chake, na mambo anayozuiliwa. Kabla sijaanza, yanipasa niseme mimi ni nani katika jambo hili. Mimi si mwanasheria. Elimu yangu ni ya chuoni, Kurani na Safina mbele ya mwalimu wangu, na baada ya hapo ni elimu ya mizani na daftari la duka. Ninayoyajua katika sheria hii nimeyatafuta mwenyewe, tena nimeyatafuta baada ya kumdhuru mtu kwa kutoyajua. Nitawaeleza nilivyomdhuru, maana hotuba ya mtu anayehukumu wengine na kujisahau mwenyewe haina baraka.

Duka langu lilikuwa Chita. Wengi wenu hamjafika huko. Ni chini ya milima ya Udzungwa, penye mashamba ya mpunga na kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na reli ya TAZARA hupita hapo ikielekea Mlimba. Bonde lote lile ni la mpunga, hata wafungwa wa gereza la Idete, upande wa Ifakara, hulima. Kwa hiyo watu wa bonde wameyazoea magereza. Wamewazoea wafungwa wakiwa mashambani chini ya askari. Wasilolizoea ni mfungwa kuja kukaa jirani yao, peke yake, bila ya askari.

Mwaka 2012 mtu wa namna hiyo alirudi hapo kijijini. Nitamwita Jirani, maana jina lake ni lake. Alikuwa amehukumiwa miaka 9 kwa kuua bila kukusudia, katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Alitumikia miaka 4 na zaidi, kisha akatolewa kwa parole. Mkononi alikuwa na karatasi, na karatasi hiyo aliikunja akaitia katika mfuko wa nailoni isipate maji, akatembea nayo kama mtu atembeavyo na hirizi.

Tulimpokea vipi? Hatukumtukana, wala hatukumpiga. Tulimwongezea masharti tu. Huyu alimwambia asikae barazani jioni. Yule alimwambia asionekane mnadani. Mwingine alimkataza kusema neno katika mkutano, kwa kuwa mfungwa hana kauli. Hakuna hata moja katika hayo lililoandikwa katika ile karatasi. Na mimi, ndugu zangu, nilimpa kazi ya kubeba magunia ya mpunga nyuma ya duka, na watu wakanisifu kwa huruma. Lakini makuli wengine niliwalipa ujira kamili kwa kila gunia, na yeye nikamlipa nusu. Nilisema moyoni mwangu, “Huyu atanishtaki wapi?”

Hiyo ni khabari ya kwanza. Ya pili nitaisema mwishoni, nayo ni nzito zaidi. Kwanza tuijue sheria.

Neno hili parole limetoka kwa Wafaransa, na maana yake ni neno, au ahadi. Zamani askari aliyetekwa vitani aliachwa aende zake kwa kutoa neno lake kwamba hatashika silaha tena. Mfungwa wa leo naye huachwa atoke kwa ahadi. Nasi wenyewe twasema ahadi ni deni. Basi mtu wa parole ni mwenye deni. Ametoka nje ya ukuta, lakini hajatoka katika kifungo. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo nataka mlishike, kwa sababu makosa yote mawili niliyoyafanya mimi yalitokana na kutolishika.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Ni sheria ya Bara, maana magereza si jambo la Muungano. Huku visiwani hatuna hata jina la gereza. Tuna Vyuo vya Mafunzo, chini ya Serikali ya Zanzibar. Lakini watu wetu wametapakaa bara nzima wakifanya biashara, na huko hukamatwa, hufungwa na hutolewa kwa sheria za huko. Kwa hiyo sheria ya Bara ni jambo letu pia.

Sheria hiyo haimpi kila mfungwa nafasi. Hapo mwanzo ilimtaka awe na kifungo cha miaka 8 au zaidi, kisha ikapunguzwa ikawa miaka 4. Awe amekwisha tumikia theluthi moja ya kifungo, na awe na mwenendo mwema gerezani. Asiwe amefungwa maisha, wala asiwe mtu aliyehukumiwa kunyongwa kisha adhabu yake ikabadilishwa kuwa kifungo. Asiwe na kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha, wala la madawa ya kulevya, wala la kunajisi au kubaka. Juu ya haya, kuna Bodi za Mikoa zinazochungua khabari za kila mfungwa na kutoa mapendekezo yao, na juu yake kuna Bodi ya Taifa. Katika kuchungua huko huulizwa pia jamii anayokwenda kuishi mfungwa. Wengi katika nyinyi mnamkumbuka marehemu Augustino Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akahamia upinzani na kuongoza chama chake. Mwaka 2016 ndiye aliyeteuliwa na Rais Magufuli kuwa Mwenyekiti wa Bodi hiyo ya Taifa.

Hapa watu huchanganya mambo manne, na kila moja lina hukumu yake. Nitayapambanua kwa ufupi.

La kwanza ni punguzo la theluthi. Kwa Sheria ya Magereza ya 1967 mfungwa mwenye kifungo kinachozidi mwezi mmoja hupunguziwa theluthi kwa mwenendo mwema. Aliyefungwa miaka 9 akakaa vizuri hutoka baada ya 6, na akitoka ametoka. La pili ni parole, ambayo kwa mtu huyo huyo mlango wake hufunguka baada ya miaka 3, lakini hutoka akiwa na masharti. La tatu ni huduma kwa jamii, kwa sheria ya mwaka 2002. Hii ni ya makosa madogo yenye kifungo kisichozidi miaka 3, na mtu hufanya kazi ya umma akilala kwake. La nne ni msamaha wa Rais, kwa ibara ya 45 ya Katiba, nao waweza kuwa na masharti au usiwe nayo. Disemba 9, 2017 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 8,157. Wengi wao walipunguziwa kifungo tu, na wengine waliachiwa siku ile ile, wakiwamo wanamuziki Nguza Viking na mwanawe, waliokuwa wamefungwa maisha. Rais wa Zanzibar naye anayo madaraka ya msamaha kwa Katiba ya Zanzibar ya 1984.

Basi mkimwona mtu ametoka, msiseme tu “ametoka.” Ulizeni ametoka kwa mlango upi. Aliyetoka kwa punguzo au kwa msamaha usio na masharti haulizwi anakwenda wapi. Aliyetoka kwa parole huulizwa.

Aulizwa nini? Ana afisa anayemwangalia, na yampasa aripoti kwake kwa nyakati alizowekewa. Ana mahali pa kukaa palipotajwa, na hatoki hapo kwenda mbali bila ya ruhusa. Asitende kosa jingine. Ashike masharti yote yaliyoandikwa katika hati yake. Akivunja, aweza kurudishwa ndani akamalizie kilichobaki. Haya ni mazito, wala sitayafanya mepesi mbele yenu. Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako, lakini inaruhusu uhuru huo upunguzwe kwa kutekeleza hukumu ya mahakama. Mtu wa parole hawezi kusema, “Mimi ni mwananchi, nakwenda nitakako.” Kwa muda ule hawezi.

Lakini sikilizeni upande wa pili wa mizani. Alichokatazwa kimeandikwa. Na ambacho hakikuandikwa katika sheria wala katika hati yake, hicho ni chake kama kilivyo chenu. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inataka heshima ya mtu itunzwe hata wakati adhabu yake inapotekelezwa. Ikiwa heshima hiyo yamfuata mpaka ndani ya ukuta, itakosaje kuwa naye barazani kwetu?

Tuhesabu basi. Mali yake ni yake. Shamba aliloliacha halikuwa la jirani kwa sababu yeye alikuwa gerezani. Urithi ni wake. Katika sharia yetu ya dini muuaji hamrithi aliyemuua, lakini hilo lahusu urithi wa yule aliyeuawa tu, wala kifungo peke yake hakimtoi mtu katika mirathi ya babake. Ibada ni yake. Kazi ni haki yake kwa ibara ya 22, na ujira ulio sawa na kazi yake ni haki kwa ibara ya 23, bila ya ubaguzi. Niliposoma ibara hiyo ya 23, wazee wangu, niliyakumbuka yale magunia ya Chita, na uso wangu ulinishuka. Nilidhani nimetoa sadaka, kumbe nilikuwa mwizi wa nusu ujira.

Ndoa nayo ina khabari yake. Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo ni ya Bara, inakihesabu kifungo cha maisha, au cha miaka isiyopungua 5, kuwa moja katika dalili ambazo mahakama yaweza kuzitazama kwamba ndoa imevunjika, ikipima urefu wa kifungo na namna ya kosa. Maana yake mke anao mlango wa kuomba talaka. Haina maana kwamba ndoa imekufa yenyewe siku ya hukumu. Nimewasikia watu wakimwambia mwanamke, “Wewe sasa huna mume,” na mume yu hai, na hakimu hajasema neno. Watu hao wanatoa talaka wasiyokuwa nayo.

Sasa nakuja katika jambo ambalo najua mnalingojea, nalo ni kura. Sisi ni watu wa chama, na kura ndiyo silaha yetu pekee tuliyo nayo.

Ibara ya 5 ya Katiba yasema kwamba Bunge laweza kutunga sheria ya kumzuia mtu asipige kura kwa sababu ya kutiwa hatiani kwa makosa fulani yaliyotajwa. Sheria ya Uchaguzi ya zamani haikutaja kosa lolote. Ilimzuia kila mtu mwenye kifungo kinachozidi miezi 6, awe ameiba kuku au ameiba hazina. Disemba 2022, katika kesi iliyofunguliwa na Tito Magoti na mwenzake, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mwaka 2024 ilitungwa sheria mpya ya uchaguzi. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ilipoandikisha wapiga kura kwa ajili ya uchaguzi wa 2025, ilitangaza vituo 130 katika magereza ya Bara na vituo 10 katika Vyuo vya Mafunzo vya Zanzibar, kwa ajili ya mahabusu na wafungwa wa chini ya miezi 6.

Hiyo ni hatua, na mwenye insafu hataikana. Lakini itazameni vizuri. Mpaka wa miezi 6 umebaki pale pale. Na mtu wa parole, ambaye kwa sharti la sheria kifungo chake hakiwi chini ya miaka 4, yuko upande gani? Kwa hesabu ya sheria bado anatumikia. Analima, anauza, analipa ushuru sokoni kama mimi nilivyolipa, anatawaliwa na diwani na mbunge, lakini katika kuwachagua hana sauti. Mahabusu aliye ndani ya ukuta apiga kura, na huyu aliye nje hapigi. Sisemi kwamba jambo hili halina jibu. Nasema lastahili kuulizwa Bungeni na katika kila mkutano wetu, na kuulizwa kwa hoja, si kwa makelele.

Kugombea ni jambo jingine. Ibara ya 67 inamzuia ubunge mtu aliyehukumiwa kifo, au kifungo kinachozidi miezi 6 kwa kosa la utovu wa uaminifu. Inamzuia pia aliyefungwa kwa kosa la namna hiyo katika miaka 5 kabla ya uchaguzi mkuu. Angalieni maneno: utovu wa uaminifu. Si kila mfungwa. Nimeona katika matawi mtu akinyimwa hata fomu ya kugombea uongozi wa tawi kwa sababu aliwahi kufungwa ujanani kwa ugomvi. Sisi wenyewe tunaolalamika kuonewa tumekuwa wakali kuliko Katiba.

Wala msidhani mjadala huu ni wa kwetu peke yetu. Jirani zetu Kenya, mwaka 2010, mahakama iliamua wafungwa wapige kura katika kura ya maoni ya Katiba mpya, wakapiga. Afrika ya Kusini Mahakama ya Katiba iliilinda haki ya wafungwa kupiga kura mwaka 1999, na tena mwaka 2004 Serikali ilipojaribu kuipunguza. Huko Marekani kila dola ina sheria yake. Katika Maine na Vermont mfungwa hupiga kura akiwa ndani. Katika California watu wa parole walikuwa wakizuiliwa mpaka Novemba 2020, wananchi wenyewe walipopiga kura kuwarudishia haki yao. Na ziko dola ambazo aliyemaliza kila kitu bado hufuatwa na kosa lake mpaka kwenye sanduku la kura. Taifa tajiri kama lile nalo limegawanyika katika swali hili hili, kama adhabu ya hakimu ina mwisho au haina.

Sasa nirudi Chita, nimalize deni langu.

Jirani alikaa miezi saba. Alikuwa akiripoti bila ya kukosa. Siku moja ya masika, baada ya alasiri, alikuja dukani nami nafunga hesabu. Mamake amefariki Mahenge. Mwajua au hamjui, Mahenge ni wilaya nyingine, Ulanga. Wakati ule ilibidi mtu aende mpaka Ifakara, kisha auvuke mto Kilombero kwa kivuko, maana daraja lilikuwa bado. Alisimama mbele ya meza yangu na ile karatasi mkononi. Aliniomba mawili: nimsomee kilichoandikwa juu ya safari, na nimwazime simu yangu ampigie afisa wake.

Nami nilikuwa na haraka ya hesabu. Tena nilimwonea huruma, huruma ya kweli safari hii. Nikamwambia, “Ndugu yangu, wewe umekwisha toka. Mama hazikwi mara mbili. Nenda kamzike, nani atakuuliza?” Nikampa na nauli. Karatasi ilikuwa mkononi mwake, nami sikuisoma.

Alikwenda. Alikaa matanga, kama mtoto yeyote angekaa. Afisa akaja kumtazama Chita, hakumkuta, na hakuna mtu aliyejua la kusema. Mimi nilikuwa safarini kununua mali. Aliporudi alikamatwa, na parole yake ikafutwa. Alipelekwa kumalizia kifungo chake.

Baadaye mkewe aliniletea ile karatasi, akaniomba nimsomee mumewe amekosa nini. Hapo ndipo nilipoisoma. Ilisema kwamba haruhusiwi kutoka nje ya wilaya ila kwa ruhusa ya afisa anayemwangalia. Mstari mmoja. Wala haikusema kwamba ruhusa haitolewi. Ilisema iombwe. Simu moja, ndugu zangu, simu niliyokuwa nayo mfukoni, huenda ingempeleka kwa mamake na kumrudisha kwa wanawe.

Yule mama aliniuliza, “Kwa hivyo angeomba, angepewa?” Sikuweza kumjibu. Mpaka leo sijaweza.

Naliona kosa langu kuwa ni mara mbili. Mara ya kwanza nilimwongezea kifungo: nusu ujira, ambao hakimu hakuutaja. Mara ya pili nilimpunguzia kifungo ambacho sikuwa na mamlaka ya kukipunguza, nikampa uhuru ambao haukuwa wangu kuutoa. Ukali wangu ulimwibia, na huruma yangu ikamfunga. Yote mawili yametoka katika shina moja, ambalo ni kutosoma kilichoandikwa.

Ndiyo maana nasema pana vifungo viwili. Kifungo cha hakimu kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kina masharti, kina bodi ya kuulizwa na mahakama ya kukatiwa rufaa. Kifungo cha watu hakina tarehe, hakina karatasi, wala hakina pa kukatia rufaa. Cha kwanza yatupasa tukiheshimu, tukitaka kukibadilisha tukibadilishe kwa sheria. Cha pili yatupasa tukivunje sisi wenyewe, maana sisi ndio tulioufunga mlango na ufunguo tunao.

Najua pana mtu hapa ambaye moyo wake unasema, “Na aliyeuawa, haki yake iko wapi?” Ni swali la haki, wala silikimbii. Aliyefiwa anayo haki ya kuulizwa, ya kusikilizwa, na ya kuona masharti yakishikwa. Lakini haki yake hailipwi kwa mimi kula ujira wa mkosaji. Mtu aliyenyimwa kazi, ujira na baraza hana anachokikhofia kukipoteza, na mtu wa namna hiyo ni khatari kwa mjane yule yule tunayedai kumlinda.

Basi kabla sijakaa kitako, nawaomba wanachama mambo manne.

Kwanza, kila tawi liwe na mtu mmoja anayejua kusoma vizuri, asiye na haraka, ambaye mtu aliyetolewa akija na karatasi yake aweza kumsomea mstari kwa mstari, na kumwandikia barua ya kuomba ruhusa. Kazi hiyo haitaki mwanasheria, yataka mtu mwaminifu na kalamu.

Pili, asipatikane kati yetu anayemwambia mtu wa parole “nenda tu.” Mwambieni “omba kwanza,” na mkae naye mpaka ajibiwe. Mkimpenda, mlindeni na ahadi yake.

Tatu, matajiri wa maduka, majahazi na mashamba, na mimi wa kwanza wao, tulipe ujira kwa kazi iliyofanywa. Daftari la ujira lisiwe na safu ya waliofungwa na safu ya wasiofungwa.

Nne, wawakilishi na wabunge wetu waulize mambo mawili. Huko Bara, kwa nini aliye nje kwa parole asipige kura, na mahabusu aliye ndani apige? Na hapa kwetu, kila mtu atokaye katika Chuo cha Mafunzo kabla ya muda wake apewe masharti yake kwa maandishi, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na asomewe mbele ya jamaa zake. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji mtu wa kuyataka.

Ama Jirani, alimaliza kifungo chake, akatoka, na safari hii hakuwa na karatasi. Nilimtafuta nikamlipa nusu ile niliyomnyima, gunia kwa gunia, kama ilivyokuwa katika daftari langu la zamani. Aliipokea, akaihesabu mbele yangu kama ilivyo haki ya mtu kuhesabu fedha yake. Kisha akaniambia, “Hii ya magunia imekwisha.” Hakusema zaidi, nami nilielewa kwamba ile nyingine haijesha.